Asidi amino za kopo na za mwaloni: namna ya kupima, kuchagua na kutumia virutubisho vya kujenga misuli

Katika majumba ya mazoezi ya Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, si ajabu siku hizi kumkuta kijana ameweka kando ya benchi chupa ya maji yenye rangi ya waridi au ya buluu, na akiulizwa ni kitu gani hujibu kwa neno moja tu: "Amino." Mwongozo huu unamhusu kijana huyo, na unamhusu vilevile mzee anayeona mapaja yake yakipungua mwaka hadi mwaka, pamoja na mbeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba ambaye mwili wake ndio mtaji wake. Unaeleza namna ya kujua kama kweli unahitaji virutubisho vya asidi amino, vya aina gani na kwa kiasi gani, na namna ya kuvitumia bila kujidhuru wala kupoteza fedha. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mtu anayeishi kando ya Ziwa Victoria, kopo la unga ni kitu cha kufikiriwa baada ya hesabu ya chakula kukamilika, na mara nyingi hesabu hiyo ikifanywa kwa uaminifu kopo lenyewe hubaki dukani.

Kwanza ujue msuli unadai nini

Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino za aina 20. Kati ya hizo, 9 haziwezi kutengenezwa na mwili wa mtu, kwa hiyo ni lazima zitoke kwenye chakula: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Hizi ndizo huitwa asidi amino za lazima, na kwenye makopo hufupishwa kwa herufi EAA. Tatu miongoni mwao, yaani leusini, isoleusini na valini, zina umbo lenye tawi na huuzwa peke yake kwa jina la BCAA.

Unaponyanyua uzito, nyuzi za msuli hupata majeraha madogo sana na wakati huohuo hupokea ishara ya kujengwa upya. Utengenezaji wa protini ndani ya msuli hupanda na kubaki juu kwa saa 24 hadi 48, lakini uvunjaji wa protini nao hupanda, na ikiwa tumbo ni tupu uvunjaji ndio unaoshinda. Chakula chenye protini hugeuza mizani hiyo. Leusini ina kazi ya ziada hapa, kwa kuwa ndiyo inayouamsha mfumo wa seli uitwao mTOR, ambao huamuru ujenzi uanze. Kwa watu wazima wengi mlo wenye gramu 2 hadi 3 za leusini hutosha kutoa amri hiyo. Hata hivyo amri pekee haijengi. Fundi mitumbwi aliyeletewa mbao nzuri bila misumari wala pamba ya kuzibia hawezi kumaliza chombo, hata ukimpigia kelele namna gani, na ndivyo ulivyo msuli uliopewa leusini, isoleusini na valini huku zile sita nyingine hazipo. Ili kuzipata hizo sita, mwili hulazimika kuzivua kutoka kwenye protini zake wenyewe, ikiwamo ya misuli.

Hiyo ndiyo sababu ya BCAA kuwa na matokeo ya wastani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017, vijana waliokwisha kuzoea vyuma walipewa gramu 5.6 za BCAA baada ya mazoezi, na utengenezaji wa protini ya misuli yao ukapanda kwa asilimia 22 kuliko walipokunywa kinywaji kisicho na asidi amino. Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko inayopatikana kwa protini kamili yenye kiasi hichohicho cha leusini.

Kwa mla ugali wa mahindi jambo hili lina uzito wa pekee. Protini ya mahindi ina leusini kwa wingi, ila imepungukiwa sana lisini na triptofani. Anayenunua kopo la BCAA ili kukamilisha sahani ya ugali ananunua kile ambacho tayari anacho, na kile kinachokosekana hakimo ndani ya kopo. Samaki, kinyume chake, ana lisini nyingi. Waliotuzoesha kula ugali kwa dagaa hawakuwa na maabara, lakini mchanganyiko wao unakubalika kwenye maabara yoyote. Na kande ya mahindi na maharage inafuata hesabu hiyohiyo, kwa kuwa maharage yana lisini na mahindi yana methionini ambayo maharage yamepungukiwa.

Piga hesabu ya siku yako

Jipime uzito asubuhi kabla ya kula, kisha zidisha kilo zako kwa 1.6. Jibu ni gramu za protini unazohitaji kwa siku ikiwa unafanya mazoezi ya nguvu mara kwa mara. Kiwango hiki kinatokana na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulikusanya tafiti 49 zenye washiriki 1,863 na kuonyesha kwamba kuongeza protini humsaidia anayenyanyua vyuma kuongeza misuli, lakini faida hiyo hufifia inapokaribia gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Wapo wanaofika gramu 2 bila tatizo, na mtu mzima asiyefanya mazoezi hukadiriwa gramu 0.8. Mwenye kitambi kikubwa asizidishe kwa uzito wote alionao. Atumie uzito anaoulenga, maana mafuta hayadai protini kama msuli unavyodai.

Mchukue kijana wa kilo 70. Anahitaji gramu 112. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na kula chapati mbili, ambazo zina protini gramu 9 hivi. Mchana anakula ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga wa mahindi, ambao una gramu 16, pamoja na gramu 50 za dagaa wakavu waliopikwa kwa nyanya na vitunguu. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, hapo anapata gramu 25 na ushee. Usiku ni wali wa gramu 150 za mchele, wenye gramu 10, na gramu 200 za maharage yaliyoiva, zenye gramu 17. Ukijumlisha utapata gramu 77, na pengo linabaki gramu 35.

Pengo hilo ndilo watu hulizibia kwa kopo. Lakini yai moja lina gramu 6 na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8, kwa hiyo mayai matatu na glasi mbili za maziwa huleta gramu 34, na konzi ya karanga humaliza deni. Anayeishi visiwani, kwa mfano Ukerewe, ambako ugali wa muhogo huliwa sana, abadilishe hesabu ya mchana: unga wa muhogo una protini isiyozidi gramu 2 hivi kwa kila gramu 100, hivyo zile gramu 16 za ugali hushuka hadi 3 au 4, na kitoweo lazima kiongezwe.

Tahadhari moja katika kupima: minofu mibichi ya sato au sangara ina protini gramu 18 hadi 20 kwa kila gramu 100, lakini hesabu hiyo ni ya mnofu wenyewe. Samaki mzima aliyepimwa sokoni na kichwa chake na miba yake humpa mlaji nyama iliyo kati ya theluthi na nusu ya uzito ule. Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki baada ya mnofu kutolewa, hayana hesabu ya uhakika kabisa, kwa kuwa yote hutegemea mkono wa aliyetoa mnofu kiwandani. Yale kama ziada, usiyaandike kwenye daftari. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ina protini nyingi, ila chumvi yake ni ya kuhifadhia, kwa hiyo iloweke na kubadilisha maji kabla ya kuipika, na mwenye shinikizo la damu aikwepe.

Gawanya protini kwa milo

Ukiitazama tena siku ya yule kijana utaona kwamba udhaifu uko asubuhi. Mwili hauna ghala la kuweka asidi amino kwa ajili ya kesho. Zinazozidi mahitaji huchomwa kuwa nishati na naitrojeni yake hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo lenga takribani gramu 0.3 za protini kwa kila kilo ya uzito katika kila mlo mkuu, ambazo kwa kilo 70 ni gramu 21, na utawanye milo mitatu au minne yenye kiasi hicho au zaidi. Mtu aliyevuka miaka 65 alenge gramu 0.4, kwa kuwa msuli wa mzee huitikia protini kwa uvivu. Mayai matatu na glasi ya maziwa ya asubuhi, pamoja na zile chapati mbili, hupita kiwango hicho na kukaribia gramu 2.5 za leusini au kuzidi. Anayesumbuliwa na maziwa mabichi, na watu wazima wengi wa Afrika Mashariki husumbuliwa, ajaribu maziwa mgando, ambayo laktosi yake, yaani sukari ya maziwa, imepungua wakati wa kugandishwa.

Usipunguze wanga kwa kisingizio cha kujenga misuli. Vijana wa vyuma wana tabia ya kuuchukia ugali, wakidhani ndio unaowanyima mikato ya tumbo, kisha wanalalamika kwamba hawanenepi mikono. Mwili ukikosa nishati ya kutosha huchoma asidi amino kama kuni, na hapo protini ya bei ghali inafanya kazi ambayo ugali ungeifanya kwa bei nafuu. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani akivuta nyavu, akirudi alfajiri kuanika, anahitaji sahani iliyojaa kabla ya kuhitaji poda yoyote.

Kirutubisho cha nyumbani: unga wa dagaa

Kabla ya kwenda dukani, jaribu hiki. Nunua dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, si wale walioanikwa mchangani, kwa kuwa mchanga hauishi hata ukiwaosha mara tano. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha inayong'aa, hukatika kwa mlio mkavu ukimkunja, na harufu yake ni ya samaki bila ukali wa mafuta yaliyochacha. Aliyegeuka manjano au hudhurungi tumboni mafuta yake yameanza kuharibika. Waulize wauzaji waziwazi kama mzigo ni wa chakula cha watu au wa kuku, kwa sababu dagaa wengi wa ziwa huishia kwenye chakula cha mifugo na utunzaji wake ni tofauti.

Chambua na kutoa vichwa ukipenda, ingawa ukiviacha utapata kalisi zaidi na uchungu kidogo. Osha kwa maji ya uvuguvugu ndani ya beseni, ukiwainua dagaa kwa mikono na kuacha maji chini badala ya kumwaga vyote pamoja, ili mchanga ubaki kwenye kitako cha beseni. Rudia mpaka kitako kiwe safi. Anika tena juani hadi wakauke kabisa, kisha wakaange bila mafuta kwenye moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka wavunjike wenyewe ukiwabana kwa vidole. Waache wapoe kabla ya kusaga, maana dagaa wa moto hutoa mvuke unaoufanya unga ushikamane na kuota ukungu. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko unaokaza, saga kidogo kidogo, na umalize ndani ya majuma machache. Gramu 20 za unga huo zina protini takribani gramu 10 au zaidi, yenye asidi amino zote tisa za lazima. Utie kwenye uji wa mtama dakika za mwisho, au kwenye mchuzi wa karanga, ambako harufu yake humezwa vizuri zaidi. Mwenye jongo asizidishe, kwa kuwa dagaa wana purini nyingi, ambazo mwilini hugeuka kuwa asidi ya yuriki.

Nani basi anunue kopo

Wapo watu ambao kopo linawafaa kweli. Mzee asiye na hamu ya kula, ambaye sahani ya samaki humshinda lakini glasi ndogo haimshindi. Mtu anayefanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri na kuingia kazini moja kwa moja. Asiyekula samaki wala nyama, ambaye kunde, choroko na dengu zinampa protini ila kwa ujazo mkubwa. Anayefunga Ramadhani, ambaye lazima akusanye protini ya siku nzima kati ya futari na daku. Na mgonjwa anayepona baada ya upasuaji, ingawa huyu apangiwe na daktari wake au mtaalamu wa lishe, asijipangie mwenyewe.

Ikiwa umo katika kundi hilo, chaguo la kwanza ni protini ya whei, yaani ile inayobaki kwenye maji ya maziwa baada ya kutengeneza jibini. Si asidi amino huru, bali ni protini nzima, lakini huyeyushwa upesi tumboni na ina leusini nyingi: gramu 25 za protini yake hutoa takribani gramu 2.5. Ile iliyochujwa zaidi ina laktosi kidogo na ni ya bei ya juu. Chaguo la pili ni EAA kamili, zenye zote tisa, ambazo kipimo chake huwa kati ya gramu 6 na 15. Faida yake ni ujazo mdogo na tumbo jepesi, na ndiyo sababu naiona inamfaa mzee kuliko kijana. BCAA naiweka mwisho. Glutamini na arginini hazijaonyesha kuongeza misuli kwa mtu mwenye afya anayekula vizuri, kwa hiyo ziache.

Poda ya kolajeni, ile protini ya ngozi na kano, inahitaji neno lake, kwa sababu Mwanza tunaijua kolajeni kwa sura nyingine. Mabondo ya sangara, yaani vibofu vyake vya hewa, yanayosafirishwa kwenda Asia kwa bei inayozidi mnofu wenyewe kwa mbali, sehemu yake kubwa ni kolajeni. Bei hiyo isikudanganye katika suala la misuli: kolajeni haina triptofani na leusini yake ni kidogo, kwa hiyo usiihesabu kwenye gramu zako za siku.

Kreatini si asidi amino ya kujengea protini, ila mwili huitengeneza kutokana na arginini, glisini na methionini, na nyama na samaki nao wanayo. Naitaja kwa kuwa miongoni mwa vyote vinavyouzwa kwenye rafu hiyo ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi wa kuongeza nguvu na ujazo wa misuli inapoambatana na vyuma. Gramu 3 hadi 5 kila siku zinatosha, wakati wowote, bila mbwembwe za kuanza na dozi kubwa.

Kusoma kopo

Simama dukani na usome nyuma ya kopo, si mbele. Tafuta uzito wa kipimo kimoja na gramu za protini zilizomo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Poda ya whei yenye protini chini ya gramu 70 katika kila gramu 100 imejazwa vitu vingine. Kisha gawanya bei ya kopo kwa jumla ya gramu za protini zilizomo, na ufanye hesabu hiyohiyo kwa trei ya mayai na kwa sado ya dagaa. Mimi sikutajii jibu, kwa kuwa bei hupanda na kushuka, lakini fanya hesabu hiyo ukiwa bado umeshika pochi.

Kopo la asidi amino huru liorodheshe kila moja na gramu zake. Likiandika tu "mchanganyiko maalumu" na jumla yake, lirudishe. Upo pia ujanja wa zamani wa kuongeza glisini au taurini za bei rahisi kwenye poda ya protini, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha maabara hupima naitrojeni na hakitofautishi imetoka wapi. Ukiziona zimetajwa miongoni mwa viambato vya poda inayojiita protini tupu, shuku. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, lakiri iliyo chini ya mfuniko, na jina na anwani ya aliyeiingiza nchini. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na wa dawa uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Bidhaa isiyo na usajili wowote, inayouzwa kwa kupimwa kwenye mfuko wa nailoni, usiiguse.

Anayeshiriki mashindano awe mkali zaidi. Kanuni za dunia za kupambana na dawa haramu michezoni humwajibisha mwanamichezo kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama kiliingia kwa kopo lililochafuliwa kiwandani. Alama za Informed Sport au NSF Certified for Sport huonyesha kwamba bidhaa imepimwa na maabara huru, na hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa kabisa. Uchafu wa kiwandani si jambo la kufikirika: mwaka 1989 nchini Marekani watu zaidi ya elfu moja waliugua ugonjwa mkali wa misuli na damu, na baadhi yao wakafa, kwa kutumia vidonge vya triptofani ambavyo chanzo chake kilifuatiliwa hadi kwenye mzigo uliochafuka.

Kuna na vidonge "vya kunenepesha" vinavyouzwa kwa siri, ambavyo mara nyingi huwa na deksamethasoni. Hii ni steroidi ya hospitali, na si ya aina inayojenga misuli. Uso na tumbo hujaa maji na mafuta, huku dawa ikivunja protini za mapaja na mabega, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea kunaweza kuua.

Kuchanganya na kunywa

Kijiko cha plastiki kilichomo ndani ya kopo hupima ujazo, si uzito, na unga uliojikusanya kwa unyevu wa ziwa hujaa kijikoni tofauti na unga mkavu. Pima mara moja kwa mizani ndogo ya kidijitali, uweke alama kwenye kijiko mahali gramu zinapofika, na baada ya hapo alama itakutosha. Tia maji kwanza, kisha unga. Ukianza na unga utaganda kwenye kona za chupa na kunuka kesho yake. Mililita 300 hadi 500 zinatosha. Leusini haipendi maji: utaona tabaka jeupe likielea juu na kung'ang'ania kuta za chupa hata baada ya kutikisa, na wengi hulimwaga wakidhani ni takataka, kumbe ndiyo sehemu waliyoilipia. Tikisa, subiri dakika mbili, tikisa tena, unywe, kisha suuza chupa kwa maji kidogo na uyanywe hayo pia. Uchungu wa asidi amino huru ni wa kawaida. Maji ya limau huupunguza.

Maji yawe yamechemshwa au kutibiwa. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaofanya mazoezi ufukweni na kuchota maji ya ziwa papo hapo, na ziwa hili lina historia ya kipindupindu. Kuoga humohumo nako kuna hatari ya kichocho.

Kuhusu saa, usikimbizane na ile nusu saa baada ya vyuma ambayo wengi huambiwa isipite bila protini. Mlo wa protini ndani ya saa mbili au tatu kabla au baada ya vyuma unatosha, na jumla ya siku ina nguvu kuliko dakika. Aliyeingia mazoezini na tumbo tupu tangu usiku ndiye anayepaswa kufanya haraka. EAA zinaweza kunywewa dakika 30 kabla, na whei baada. Poda za "kabla ya mazoezi" huchanganywa na kafeini nyingi, kwa hiyo zisinywewe jioni, wala na mwenye shinikizo la damu au moyo wenye matatizo.

Nani asitumie kabisa bila ushauri wa daktari? Mwenye ugonjwa wa figo au ini, mjamzito na anayenyonyesha, mtoto na kijana chini ya miaka 18, na aliyezaliwa na kasoro ya kuchakata fenilalanini au asidi amino zenye tawi. Anayetumia levodopa kwa ugonjwa wa Parkinson ajue kwamba asidi amino hushindana na dawa hiyo katika kufyonzwa, na anayetumia dawa za sonona asiongeze triptofani.

Maumivu, majeraha na ufuatiliaji

Maumivu ya misuli baada ya zoezi jipya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. BCAA huweza kuyapunguza kidogo, lakini usingizi wa kutosha na kupunguza uzito wa vyuma kwa siku mbili hufanya kazi hiyo bila gharama. Ukichanika msuli au ukafungwa bandeji ngumu, usipunguze protini kwa sababu tu umepumzika. Kiungo kisichotumika hupoteza misuli ndani ya siku chache, na kiwango chako cha kila siku ndicho kinachopunguza hasara. Mkojo ukibadilika kuwa kahawia iliyokolea, misuli ikavimba na kuuma kupita kiasi baada ya zoezi kali, hilo si la kungoja wala la kunywea amino: ni dalili kwamba misuli imevunjika kwa wingi na mabaki yake yanaweza kuziba figo. Nenda hospitali ya Sekou-Toure, ya Bugando au kituo kilicho karibu siku hiyohiyo.

Andika kwenye daftari uzito wa mwili kila wiki, mzunguko wa mkono na paja kila mwezi, na uzito wa vyuma unavyonyanyua. Kila kundi la misuli lipate zoezi angalau mara mbili kwa wiki, na mzigo uongezeke kidogo kidogo, maana bila mzigo hakuna poda inayojenga. Baada ya wiki 8 hadi 12 soma daftari. Vyuma vikiwa havijapanda, kagua kwanza usingizi na sahani kabla ya kubadilisha kopo. Na kopo la kwanza likiisha, kaa mwezi mmoja bila kununua jingine, ukitumia fedha ileile kwa mayai na dagaa na kushika kiwango kilekile cha gramu kwa siku. Kama namba za daftarini zinaendelea kupanda kama awali, usirudi dukani.